Jinsi ya kubadilisha mpira wa mlango wa jokofu uliochakaa

WAKAZI wa Marereni, kaskazini mwa Malindi katika kaunti ya Kilifi, huishi jirani na mabwawa ambamo maji ya bahari hukaushwa na jua ili kupata chumvi. Upepo wa baharini nao hubeba chembechembe za chumvi hadi majumbani, zikatua juu ya vyuma, zikavuta unyevu na kuharakisha kutu.

Mlango wa jokofu haunusuriki. Mpira unaouzunguka una utepe wa sumaku unaonasa fremu ya chuma. Mpira ukipasuka au fremu ikishika kutu, hewa ya joto hupenya, barafu hujaa na mtambo hauna mapumziko. Umeme hupotea bure, na samaki huoza upesi.

Ili kubaini hitilafu, funga mlango juu ya noti kisha uivute. Ikichomoka kwa urahisi, mpira umelegea. Kwanza uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni. Huenda ni uchafu tu.

Ikiwa umechakaa, nunua mwingine wa modeli ile ile. Chomoa plagi. Vuta mpira mkuukuu kutoka mferejini, au ulegeze skrubu zinazoushikilia, kisha usafishe mfereji. Loweka mpira mpya katika maji ya moto ili mikunjo inyooke, ukaushe, halafu uubane kuanzia kwenye pembe nne.

Kutu iliyo kwenye fremu isuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi. Bila hivyo, sumaku ya mpira mpya haitashika, na fedha zitakuwa zimepotea bure. Hatimaye, rudia jaribio la noti kila upande.