Je, Wajua? Ziwa Moja, Mapokezi Mawili

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 kwa mkupuo! Ni wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao.

Siri ilikuwa jembe. Katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kila familia ilikatiwa shamba, hekta 5 hivi. Kufikia 1985 walikuwa wakijilisha wenyewe, na wakiuza mahindi, maharage na tumbaku.

Mwaka 2015 ndugu zao wengine wakaja kutoka Burundi. Walirundikana Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, bila barabara. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuja kuwachukua, ikasimama mbali na ufuko. Mitumbwi ikawafikisha ubavuni mwake, watoto mgongoni, vifurushi kichwani.

Hawa hawakupewa shamba. Walipelekwa kambini: Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Kutoka nje kulihitaji kibali.

Nyarugusu ilikuwa na Wakongo tangu 1996. Inauma kusema: wapo waliozaliwa humo, wakakua, wakaoana, na sasa watoto wao wanapanga foleni ileile ya unga.