Kutoa vitu katika kiziwa cha samaki bila kuingia majini



Hapa Kisangani na pembeni yake watu wengi wamechimba viziwa vya samaki. Ni kazi nzuri: tilapia anakula majani na mabaki ya jikoni, na sisi tunakula tilapia. Lakini kiziwa nacho kinakula vitu vyetu. Leo mpira, kesho ndoo, kesho kutwa panga. Basi kitu kikianguka tunafanya nini? Mmoja anakunja suruali na kuingia. Tunataka kuonyesha kama iko njia nyingine, na sababu gani njia hiyo inashinda.

Sababu ya kwanza ni bilharzia, ugonjwa ambao wengine wanauita kichocho. Katika maji ya pole yenye majani wanaishi konokono wadogo. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya mdudu yanaanguliwa humo, na vijidudu vinaingia ndani ya konokono. Baadaye vinatoka kwa wingi, vinaogelea, na vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, bila kidonda. Jambo hili si la nchi za mbali. Mwaka 1923 Clement Chesterman, daktari wa misioni ya Wabatisti kule Yakusu, chini kidogo ya mji wetu kando ya mto, aliandika juu ya bilharzia ya eneo hili, ile ya matumbo. Mwaka 1934 mdudu wake akapewa jina na Fisher: Schistosoma intercalatum. Jina ambalo wanafunzi wa udaktari wanajifunza duniani lilianzia hapa kwetu! Dawa iko, inaitwa praziquantel, lakini mtu aliyepona akirudi katika maji yale anaweza kuambukizwa tena.

Sababu ya pili: miguu inatibua matope na kubomoa kingo za kiziwa. Sababu ya tatu: matope ya chini yanashika miguu, na asiyejua kuogelea anaweza kuzama hata katika maji yasiyopita kifua.

Sasa tuone vyombo.

1) Mti wenye ndoano. Tafuteni mwanzi mkavu wa metre 3 au 4. Kwenye ncha fungeni ndoano ya waya mnene, au kijiti chenye panda. Fundi wa baiskeli atawapa utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu; ukivutwa sana na kuzungushwa unakaza kushinda kamba. Chombo hiki kinafaa kwa ndoo, kikapu na kila kitu chenye mkono au tundu.

Lakini muwe na akili ya maji. Nuru inapotoka majini inapinda, ndiyo maana kitu kinaonekana juu kuliko mahali kilipo. Ukitazama wima, maji ya metre 1 yanaonekana kama ya sentimetre 75. Ukitazama kwa upande, macho yanadanganywa zaidi, na mti unapita juu ya kitu na kukikosa. Ujanja ni huu: ingiza ncha majini kwanza, kisha iongoze pole pole mpaka uione inagusa kitu. Hapo ncha na kitu vyote viko chini ya maji, na macho yanadanganywa sawasawa kwa vyote viwili.

Jambo lingine: ndoo ya litre 10 iliyojaa ni nyepesi ikiwa ndani ya maji. Ikitoka nje, maji yake peke yake yana kilo 10, na mwanzi utavunjika. Hapana kuinua wima. Ivute mpaka ukingoni, iinamishe imwage maji, ndipo uitoe.

2) Kikapu chenye mpini. Wagenia, kwenye maporomoko yetu, wanatundika vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimamishwa kati ya mawe. Maji yanapita, samaki anabaki. Sisi tunachukua wazo lile lile kwa udogo: kikapu cha matundu kwenye mti mrefu kinaokota kiatu, sahani na majani yaliyooza, na maji yanarudi kiziwani.

3) Kamba ya watu wawili. Mpira ukikaa katikati, wengi wanautupia mawe. Mawe yanajaza kiziwa na kutisha samaki. Afadhali mchukue kamba ndefu kuliko upana wa kiziwa, mfungie chupa tupu za plastiki zenye vifuniko ili ielee. Mmoja asimame upande huu, mwingine ng’ambo, kamba ilale nyuma ya mpira. Mkitembea pamoja kuelekea mwisho wa kiziwa, kamba inaleta mpira mpaka ukingoni.

4) Sumaku. Redio iliyokufa inaacha sumaku katika kipaza sauti chake. Ifunge ndani ya soksi, kisha kwenye kamba ya nilo, na uikokote chini pole pole. Itashika panga, msumari, ufunguo wa chuma. Sufuria ya alumini au kitu cha shaba haitashika, hata ukivua mpaka jioni.

5) Subira. Kitu kisicho na haraka kingoje siku ya kutoa samaki, wakati maji yanafunguliwa kwa tiyo. Hapana kufungua maji yote kwa ajili ya kijiko. Na siku ile, mwenye kuingia avae buti za mpira.

Mwisho ni jambo kubwa kuliko yote. Siku moja kitakachoanguka kinaweza kuwa mtoto. Hapo wengi wanaruka, na badala ya mmoja wanazama wawili, maana mwenye kuzama anamshika mwokozi kwa nguvu zote. Fanyeni hivi: piga kelele kuita watu, lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee mti wenyewe upande usio na ndoano, umvute. Kama yuko mbali, mtupie bidoni tupu ya litre 20 yenye kifuniko, iliyofungwa kamba. Bidoni ile inaweza kumwelesha hata mtu mzima, maana kichwa tu ndicho kinachopaswa kubaki juu. Akitolewa hapumui, aanze kupuliziwa pumzi mara moja, na mwingine akimbie kutafuta muganga.

Kwa hiyo tunashauri kila kiziwa kiwe na mambo matatu ukingoni, mchana na usiku: mti mrefu, kamba, na bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Bei yake ni ndogo. Na asiwepo mtu wa kuichukua bidoni ile kwenda kuteka maji jikoni!