Fundi Anajilipa Shilingi Ngapi?

Ushauri wa kujiajiri hutolewa zaidi na watu walioajiriwa. Afisa husimama mbele ya wahitimu, huwaambia waache kuzunguka na bahasha, kisha husaini posho ya semina na kurudi kwenye mshahara wake. Sisemi anadanganya. Kujiajiri kuna faida ambazo mwajiriwa hazifikii hata akipandishwa cheo mara tatu. Ila kazi yangu ni kuwawekea hesabu wafanyabiashara wadogo, na humo kwenye madaftari yao kuna swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye semina: huyu mtu anajilipa shilingi ngapi?

Tuanze na mwajiriwa, maana karatasi zake ziko wazi. Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi Dar es Salaam mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. NSSF inakatwa asilimia 10, yaani 60,000. Kodi inapigwa kwenye 540,000 zinazobaki: 270,000 za mwanzo haziguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na zile 20,000 za juu ni asilimia 20. Jumla ya kodi ni 24,000. Mkononi anapata 516,000, na kila mwisho wa mwezi analalamikia makato.

Upande wa pili wa karatasi hauoni. Mwajiri naye anamwekea NSSF 60,000 nyingine. Anachangia asilimia 0.5 ya mishahara kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili mashine ikimkata mtu vidole awepo wa kumtibu na kumlipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka zenye malipo. Mama akijifungua ana siku 84, mapacha siku 100. Mgonjwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu iliyobaki kwa nusu mshahara.

Weka pamoja mshahara, mchango wa NSSF wa mwajiri na ile 3,000 ya fidia: mwajiri anatoa 663,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,956,000, na mwezi mmoja katika hiyo kumi na miwili mfanyakazi yuko likizo. Kwa hiyo anayetaka kuacha kazi hii na kubaki palepale alipokuwa anahitaji takribani 723,000 kila mwezi atakaofanya kazi. Na hiyo iwe faida. Mauzo ni habari nyingine kabisa.

Sasa twende kwenye fremu ya fundi cherehani, tuseme Mbagala. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini zinafanana na ninazokutana nazo. Anashona nguo kama 40 kwa mwezi, kwa wastani wa 20,000 na kitu kila mshono, na kwa mwaka anakusanya milioni 10. Kodi ya fremu ni 100,000 kwa mwezi. Uzi, zipu, vishikizo na bitana vinakula 110,000. Umeme 30,000. Msaidizi anayelipwa kwa kipande anachukua 120,000. Ubovu wa mashine, sindano, na ile fedha ambayo angepaswa kuitenga kwa ajili ya cherehani nyingine hii ikichoka, tuziwekee 25,000. Jumla ni 385,000 kila mwezi, au 4,620,000 kwa mwaka. Kinachobaki kabla ya kodi ni 5,380,000.

Kodi yenyewe inategemea daftari. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019 kwa mfanyabiashara binafsi, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiyetunza kumbukumbu hulipa 250,000 kwa mwaka. Anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Fundi wetu mwenye daftari atalipa 180,000. Jirani yake mwenye mauzo yaleyale asiye na daftari atalipa 70,000 zaidi. (Bajeti ya kila Juni huweza kuvigusa viwango hivi, kwa hiyo ulizia TRA kabla ya kupiga hesabu zako.) Bado kuna watu wanaoamini kwamba kuandika mauzo ni kujichongea kwa mtu wa kodi. Katika ngazi hii ni kinyume chake, na nimechoka kulirudia.

Baada ya kodi, fundi amebakiwa na 5,200,000 kwa mwaka: kama 433,000 kwa mwezi. Yule mwajiriwa anapokea 516,000 mkononi, na juu yake 120,000 zinaingia NSSF kwa jina lake kila mwezi. Lakini waulize wote wawili nani ana hali nzuri. Fundi atajibu kwamba yeye, na hatakuwa anajigamba.

Sababu ni kwamba fundi huishi na fedha inayopita mikononi. Wiki mbili kabla ya Idd anaweza kushika 150,000 kwa siku moja, wateja wamejaa mpaka barazani, kila mmoja na kitenge chake na malipo ya nusu. Mwajiriwa, ukiondoa siku ya mshahara, hajawahi kushika 150,000 kwa siku moja katika maisha yake ya kazi. Januari kuna sare za shule, Desemba kuna harusi na Krismasi. Kisha inaingia miezi ya ukame, nguo mbili kwa wiki, na katikati yake mwenye nyumba anafika kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 600,000. Mwezi wa Idd fundi anajiona tajiri, mwezi wa kodi anaona biashara imekufa. Hisia zote mbili ni za uongo. Ukweli ni 433,000, na haumo kwenye droo wala kwenye simu. Umo kwenye daftari la mwaka mzima, kama lipo.

Hapa ndipo wengi wanapokula mtaji bila kujua kwamba wanaula. Hakuna siku mtu anaamka akasema leo nala mtaji. Anachukua elfu tano ya mboga, elfu mbili ya daladala ya mtoto, elfu ishirini ya mchango wa msiba, zote kutoka droo ileile inayonunua uzi. Na ndugu wakishaona una fremu, basi: mwenye mshahara anaweza kusema mwezi umeniishia, lakini mwenye duka atakosaje elfu kumi na wateja wamepanga foleni? Uzi ukiisha, droo ikiwa tupu, anakimbilia wale wa kausha damu, anachukua laki moja na kurudisha laki na thelathini mwezi ukiisha. Nguo ngapi zinashonwa bure kufidia ile thelathini? Kwa faida ya fundi wetu, ambayo ni kama elfu kumi na moja kwa nguo, ni karibu nguo tatu. Kwa mwezi wa ukame hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi.

Dawa ninayowaandikia ni moja na wala si ya kisasa: jilipe mshahara. Jiwekee kiwango, kwa huyu tuseme 80,000 kwa wiki, kichukue siku moja tu ya wiki, na droo iliyobaki iwe ni mali ya biashara, hata kama ni wewe mwenyewe mwenye biashara. Fedha za wateja ziingie lipa namba, si kwenye laini unayopigia simu nyumbani. Idd ikija usijiongezee. Hiyo ndiyo fedha ya kulipa fremu wakati wa ukame. Faida nyingine ni kwamba miamala ya mwaka mzima kwenye lipa namba ni karatasi. Mwajiriwa akienda kukopa benki anatoa hati ya mshahara na barua ya mwajiri, imekwisha. Aliyejiajiri huonekana kama mtu asiye na kipato, hata akiwa na kipato kikubwa kuliko afisa mikopo anayemhoji, kwa sababu hana cha kuonyesha.

Nisieleweke vibaya. Sijakaa hapa kuwatisha watu warudi kwenye bahasha. Mwajiriwa naye ana jambo asiloliangalia: ana mteja mmoja tu. Mteja huyo akiamka vibaya, kipato chote kinaondoka siku moja. Sheria inamlinda kidogo. Akipunguzwa kazini analipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mtu aliyetumika miaka 18 atapata siku 70, basi. Fundi mwenye wateja 60 akigombana na mmoja kuhusu mkono wa gauni, amebaki na 59.

Halafu kuna bei. Fundi akiamua mshono wa 20,000 uwe 23,000, haandiki barua kwa meneja wala hasubiri tathmini ya mwisho wa mwaka. Kwa nguo 40 ameongeza 120,000 kwa mwezi. Tuseme wateja wamenuna, nguo tatu zimehamia kwa jirani: 37 kwa 23,000 ni 851,000, bado ni zaidi ya 800,000 za zamani, na ameshona nguo chache zaidi, kwa uzi mchache zaidi. Mafundi wengi wazuri ninaowajua wanatoza bei ya chini kuliko wanavyostahili, kwa woga tu. Nguvu hii ya kupanga bei ndiyo faida kubwa kuliko zote za kujiajiri, na ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote.

Uhuru wa muda ndio unaosifiwa sana, nami ndio ninaoutilia shaka. Ni kweli, fundi anaweza kufunga fremu saa nne asubuhi akaenda kikao cha wazazi bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini sheria inamwekea mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na ya ziada ina malipo yake. Fundi katika wiki ya Idd hana kikomo. Akijifungua, zile siku 84 hana. Nimeona mama akirudi kwenye cherehani mtoto hajatimiza mwezi, si kwa kupenda, bali kwa sababu kodi ya fremu haina likizo ya uzazi.

Uzeeni ndiko pengo linakuwa pana zaidi. NSSF hupokea michango ya waliojiajiri, na mlango uko wazi. Lakini pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 46 hawezi kuifikisha kabla ya 60, atapewa mkupuo. Ndiyo maana naudhika ninapomsikia kijana wa miaka 25 mwenye biashara inayokwenda akisema mambo ya mafao ni ya wazee. Mwenzake aliyeajiriwa naye hayafikirii mafao, ila anakatwa tu atake asitake, na miaka inahesabika.

Kuna kundi moja linalowekwa kwenye takwimu za kujiajiri ambalo sidhani kama ni la humo: madereva. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliwawekea wenye programu za teksi kikomo cha kamisheni cha asilimia 15, Uber ikasitisha huduma Tanzania mwezi Aprili, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi 25. Katika mvutano wote ule, dereva, ambaye inasemekana ni mjasiriamali, hakuwa na usemi juu ya nauli wala juu ya kamisheni. Basi ile faida kubwa niliyoitaja, ya kupanga bei, yeye hana.

Bodaboda wa mkataba yuko karibu naye. Tuseme pikipiki imenunuliwa milioni 2.8, na kijana anapeleka hesabu ya 10,000 siku sita za wiki kwa miezi 15, ndipo iwe yake. Hizo ni wiki 65, hesabu 390, jumla 3,900,000. Tofauti ya 1,100,000 ni bei ya kukosa mtaji, na siku anayokabidhiwa chombo kimeshalala barabarani miezi 15. Akiugua wiki moja, 60,000 zinamsubiri. Hasara ni zake kama za aliyejiajiri, na bosi anaye kama aliyeajiriwa. Hata hivyo kwa asiye na dhamana ya benki wala ndugu wa kumkopesha, mkataba unaweza kuwa ngazi pekee iliyopo, na wapo walioipanda wakafika. Ninachowaomba ni wayaweke kwenye maandishi mambo mawili kabla ya kupokea funguo: siku za ugonjwa na matengenezo zinahesabiwaje, na kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini. Wapo wanaopeleka hesabu ya mwisho mwezi wa 15, na mwezi wa 20 kadi bado ina jina la mwenye chombo wa zamani.