Kuziba au Kulamba? Istilahi na Ufundi wa Mpira wa Dirisha la Gari

1. Utangulizi

Katika mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, Kiswahili ndiyo lugha ya maongezi ya gereji, ilhali majina ya vipuri vingi hutoka katika Kifaransa. Makala haya yanaeleza namna ya kubadilisha mipira ya dirisha la mlango wa gari kuukuu, kama vile Volkswagen au Peugeot 404 ya miaka ya 1960, na kuonyesha jinsi jina la kipuri linavyoweza kuuongoza au kuupoteza mkono wa fundi.

2. Jina na kazi

Kipuri kinachohusika ni utepe wa mpira uliopo ukingoni mwa mlango, pale kioo kinapozama. Kuna utepe wa nje na wa ndani. Neno la Kifaransa joint, litumikalo kwa mipira yote ya namna hii, humfanya msikilizaji afikiri kwamba kazi yake ni kuziba. Hata hivyo, Kifaransa chenyewe kina jina mahususi zaidi: lèche-vitre, yaani kitu kinacholamba kioo.

Jina hilo ndilo linaloafiki kazi. Utepe hukifuta kioo maji na vumbi kinaposhuka; hauzuii maji yote. Waliobuni mlango walijua kwamba maji yataingia, wakaacha matundu chini yake ili yatoke. Fundi aaminiye kwamba mlango sharti uzibwe aweza kuyaziba hata matundu hayo. Hapo mvua za Novemba hadi Aprili hutuama mlangoni, na bati huliwa na kutu kutoka ndani, pasipo mwenye gari kuona.

3. Utaratibu

Kwanza, kioo hushushwa hadi chini, kisha mkono wa kukishushia, kishikio na ubao wa ndani wa mlango huondolewa. Utepe wa zamani hutolewa polepole pamoja na vibanio vyake, ukahifadhiwa uwe kipimo. Kutu husuguliwa kwa msasa, na bati hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Matundu ya chini huzibuliwa kwa waya.

Pili, utepe mpya hukatwa mrefu kidogo kuliko pengo lake. Usivutwe wakati wa kuuingiza, kwani mpira uliovutwa hurudi baadaye na kuacha nafasi pembeni. Maji ya sabuni huurahisishia njia. Grisi haifai kwa mpira wa asili, kwa kuwa huuvimbisha na kuulegeza. Mdomo wa utepe ukiguse kioo bila kukibana. Kioo kikipanda kwa shida, mfereji wa mahameli unaokiongoza kandoni nao ukaguliwe.

Mwisho, maji humwagwa juu ya kioo. Yasipotokea chini ya mlango, kazi haijaisha.

4. Hitimisho

Inapendekezwa utepe huu uitwe kilambakioo, kwa muundo ule ule wa kifunguakinywa. Jina mpira wa kuziba libakie kwa ule unaouzunguka mlango, ambao kweli huziba. Istilahi iliyoundwa kwa kutazama kitu kinavyofanya kazi humfundisha fundi. Iliyoundwa kwa kufasiri jina la kwanza lililosikika yaweza kumgharimu mwenye gari mlango mzima.