Mapishi ya Kireno Birmingham yenye ladha ya pwani

Wiki hii tunakuchukua hadi Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, ambako mtayarishaji wa makala haya alifika kwa shughuli nyingine kabisa, akajikuta amefunga aproni na kushika mchi, akijifunza kupika vyakula vinavyouzwa mitaani nchini Ureno.

Nilikuwa nimetoka London siku ya Ijumaa kwa ajili ya mahojiano. Jumamosi sikuwa na kazi hadi treni ya jioni, nami tangu awali nilikuwa nimejiandikisha katika darasa moja la mapishi la saa tatu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Lisbon, ambaye wazazi wake walitoka Quelimane, mji ulio katika jimbo la Zambezia nchini Msumbiji.

Nilidhani ninakwenda kujifunza chakula cha kigeni. Niliyoyakuta yalinifanya niulize maswali mawili ambayo huenda nawe umewahi kujiuliza ukiwa ughaibuni: chakula ni cha nani hasa? Na kikiondolewa kile ambacho dini au desturi yako haikiruhusu, je, kinabaki kuwa chakula kilekile?

Mji wa wahamiaji

Birmingham si mgeni wa maswali hayo. Soko lake lilipewa hati ya kifalme mwaka 1166, na leo katika eneo la Bull Ring utakuta samaki wa kila aina, mihogo, bamia na ndizi za kupika. Katika miaka ya 1970, wahamiaji kutoka Pakistan na Kashmir waliokaa katika vitongoji vya mji huu, kama vile Sparkbrook na Sparkhill, walianzisha mtindo wa mchuzi uitwao balti, unaopikwa kwa moto mkali na kuletwa mezani katika karai lilelile uliopikiwa. Mtindo huo umezaliwa Birmingham, ingawa ladha yake inatoka mbali.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, karibu asilimia 30 ya wakazi wa mji huu ni Waislamu. Miongoni mwao wamo Wasomali wengi, na wapo pia watu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu anayefundisha mapishi ya Kireno hapa hawezi kukwepa suala la nguruwe na mvinyo, vitu viwili vilivyojaa katika jiko la Ureno. Tulipojiandikisha tuliulizwa kama kuna chakula tusichokula. Watatu kati yetu tulijibu kwamba hatuli nguruwe wala hatutumii mvinyo.

Samaki mkavu

Tulianza na vinavyoitwa pastéis de bacalhau. Bacalhau ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini, aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Wareno wanampenda sana, ingawa havuliwi katika pwani yao. Kwa karne nyingi meli zao zilimfuata hadi Newfoundland, upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki, na leo sehemu kubwa ya samaki huyo hutoka Norwei.

Msikilizaji wa Lamu, Tanga au Unguja atamwelewa samaki huyu haraka, kwa kuwa anamjua papa mkavu na ng'onda. Kanuni ni moja: chumvi na ukavu humhifadhi samaki pasipo barafu, na mpishi lazima aitoe chumvi hiyo kabla ya kupika. Bacalhau hulowekwa kwa siku moja hadi mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa. Mwalimu alikuwa amekwisha kumloweka wa kwetu tangu Alhamisi.

Samaki huchemshwa, hutolewa miiba na kuchambuliwa kwa vidole hadi awe nyuzinyuzi. Kisha huchanganywa na viazi vilivyopondwa, kitunguu, mayai na majani mabichi ya kunukia. Hapo huchukuliwa vijiko viwili, na mchanganyiko huhamishwa kutoka kijiko kimoja hadi kingine mpaka upate umbo la yai refu, ndipo ukaangwe katika mafuta mengi. Mwanafunzi mwenzangu, mama wa Kisomali kutoka Small Heath, aliniangalia na kuniuliza kama hizi si katlesi. Nilikubali kwamba ni katlesi, ila zimevaa nguo nyingine.

Kiazi chenyewe mwalimu alikiita batata, na hivyo ndivyo wengi wa visiwani Zanzibar wanavyokiita mbatata. Meza tuliyokuwa tukifanyia kazi aliiita mesa. Mvinyo uliokuwa juu yake aliuita vinho. Maneno hayo yaliingia katika Kiswahili pamoja na bendera, leso na karata, wakati Wareno walipoitawala pwani yetu.

Haifai kuyataja maneno hayo na kunyamaza juu ya jinsi yalivyokuja. Mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa, kisha yakaivamia Mombasa na kuichoma moto. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593, na ngome hiyo ilibaki mikononi mwa Wareno kwa muda mrefu hadi ilipoangukia kwa Waomani mwaka 1698. Neno la Kireno lenye maana ya kanisa, igreja, ndilo linalotajwa kuwa asili ya neno letu gereza. Hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu namna wenyeji walivyoyaona majengo ya wageni wao.

Bila nguruwe, bila mvinyo

Chakula cha pili kiliitwa bifana. Hivi ni vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, vilivyolowekwa katika mvinyo mweupe, kitunguu saumu na paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyowasha sana. Hukaangwa na kutiwa ndani ya mkate mdogo wenye ganda gumu, na mkate huo hunywa mchuzi wote. Nchini Ureno huuzwa katika vibanda, kwenye sherehe za mitaani na nje ya viwanja vya mpira.

Mwalimu alitutengea sisi watatu meza nyingine, yenye kaango na kisu vyake. Badala ya nguruwe tulipewa minofu ya mapaja ya kuku, na badala ya mvinyo, maji ya limau yaliyochanganywa na siki kidogo. Hapo mwanafunzi mmoja, ambaye babu yake alikuwa Mreno, alisema kwa upole kwamba bifana bila nguruwe si bifana.

Mwalimu hakumpinga. Alisema tunaweza kukiita kwa jina lolote tulitakalo, kisha akamuuliza kama amewahi kula vindaloo katika migahawa ya Birmingham. Alikuwa amekula mara nyingi. Mwalimu akatueleza kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kireno vinha d'alhos, yaani nyama iliyolowekwa katika mvinyo na kitunguu saumu. Mapishi hayo yalifika Goa, iliyokuwa chini ya Ureno tangu mwaka 1510 hadi 1961. Huko mvinyo uliondolewa ukawekwa siki, yakaongezwa viungo na pilipili nyingi. Leo katika migahawa ya Uingereza hupikwa kwa kuku au kondoo, na watu wengi hudhani ni jina la Kihindi tangu mwanzo.

Mwenzetu alicheka, akaja kuonja ya kwetu. Alisema siki imezidi, na kwa kweli ilikuwa imezidi. Kosa lilikuwa langu.

Pilipili ya nani?

Ilipofika zamu ya kuku wa piri-piri, nilijiona nami nina la kufundisha. Nililiambia darasa kwamba hilo ni neno letu, pilipili, na kwamba Wareno walilichukua pwani ya Afrika Mashariki. Katika hilo sikuwa mbali na ukweli. Wataalamu wa maneno hulihusisha jina piri-piri na lugha za upande wetu wa Afrika. Wengine hutaja Kiswahili, wengine hutaja Kironga cha kusini mwa Msumbiji.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu: na mmea wenyewe je?

Pilipili kali ni mmea wa bara la Amerika. Kabla ya safari za Columbus, zilizoanza mwaka 1492, haikuwako Afrika, Asia wala Ulaya. Meli za Kireno ndizo zilizokuwa miongoni mwa wasambazaji wake wakubwa, kama zilivyosambaza mahindi na mihogo. Ugali wa mahindi tunaouita chakula cha asili, muhogo wa nazi, na hata korosho za Mtwara, vyote asili yake ni ng'ambo ya Atlantiki.

Jina nalo lina safari yake. Pilipili linafanana na filfil la Kiarabu, na shina lake linarudi hadi India, ambako mwanzoni lilihusu pilipili ndefu, kabla ya kutumiwa kwa pilipili nyeusi ya punje. Mmea mpya ulipofika, ulipewa jina la kiungo cha zamani kwa sababu vyote viwili vinawasha. Ile ya punje tukaiita pilipili manga. Hivyo katika neno moja tunalolitamka kila siku jikoni kuna India, Uarabuni, Amerika, Ureno na pwani yetu.

Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, Wareno wengi walihamia Afrika Kusini na kuendeleza huko mapishi ya kuku wa piri-piri. Johannesburg ndiko ulikoanzia mgahawa wa Nando's mwaka 1987, uliofungua tawi lake la kwanza Uingereza mwaka 1992. Kijana wa Birmingham anayeagiza kuku huyo leo hutamka neno lenye asili ya Afrika, pengine bila kujua.

Kuku wa Zambezia

Mwalimu aliweka chakula cha nyumbani kwa wazazi wake kuwa cha mwisho. Kuku alipasuliwa na kubanjuliwa akawa bapa. Akasuguliwa kitunguu saumu kilichotwangwa na chumvi, limau na pilipili. Kisha likaja tui la nazi. Kuku alilowekwa humo kwa saa moja, nasi wakati huo tukaoka vile vitobosha vidogo vya maziwa na viini vya mayai viitwavyo pastéis de nata. Baadaye kuku aliwekwa juu ya moto, akawa anageuzwa na kupakwa tui tena na tena kwa brashi.

Moshi ulipopanda nilinyamaza. Huyu alikuwa kuku wa kupaka, tena kama alivyokuwa akipikwa nyumbani kwetu Tanga siku za sikukuu. Mama yangu alifariki dunia nikiwa tayari ninaishi Ulaya. Hakuwahi kuandika mapishi yake popote, nami sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa nilidhani nitakuwa na wakati. Nimejaribu mara kadhaa kumpika kuku huyo London, na kila mara mchuzi umekatika, mafuta yakaelea juu na tui likabaki mabonge.

Nilimweleza mwalimu. Alisema kwao hali ni hiyohiyo: yeye mwenyewe alijifunza kwa kumpigia mama yake simu na kumsikiliza akipika.

Ukitaka kujaribu

Ikiwa uko Muscat, Toronto au Birmingham na unataka kupika nyumbani, utahitaji kuku mmoja, punje sita za kitunguu saumu, pilipili kichaa mbili au tatu, malimau mawili, chumvi, na tui la nazi vikombe viwili. Twanga kitunguu saumu, pilipili na chumvi pamoja, ongeza maji ya limau, umsugue kuku. Mloweke kwa saa moja au zaidi katika kikombe kimoja cha tui, kisha umwage tui hilo, kwani limegusana na nyama mbichi. Mchome kwa moto wa wastani, ukimpaka tui jipya kila unapomgeuza, na uhakikishe ameiva hadi kwenye mfupa.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi London, na kisanduku cha chakula mapajani, nilimpigia simu shangazi yangu aliye Tanga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamweleza nimetumia siku nzima, na fedha, kujifunza kuku wa kupaka kwa Wareno. Alicheka hadi akakohoa.

Halafu akaniuliza ninatia tui gani. Nilipomwambia la mkebe, lote kwa pamoja, alisema hapo ndipo ninapoharibu. Marehemu mama yangu alianza na tui jepesi la pili, akalipika na viungo hadi likapungua. Kasimile, lile zito la kwanza, lilitiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko haukupumzika wala sufuria haikufunikwa. Niliomba arudie polepole, nikaandika nyuma ya karatasi ya mapishi niliyopewa darasani.

Jumapili nilijaribu. Mchuzi haukukatika.

Msikilizaji, hapo ndipo tunapofikia mwisho wa makala yetu ya utamaduni wiki hii. Kama kuna chakula cha nyumbani ambacho hukupata kukiuliza kinapikwaje, na anayekijua bado yupo, mpigie simu.