Breki ya Mbele na Hesabu ya Tajiri

Yako maneno yanayorudiwa katika kila kijiwe cha bodaboda, tangu Tandika hata Tunduma, ya kwamba breki ya mbele ya pikipiki ni adui: ukiigusa itakupindua. Kijana huambiwa maneno hayo siku ya kwanza anapofundishwa kuendesha, naye huyashika kama sala. Tangu siku hiyo hukanyaga breki ya nyuma kwa mguu, na mkono wake wa kulia hauna kazi nyingine ila kuongeza mwendo. Sisi twaona kwamba maneno hayo yamekwisha kutugharimu maisha ya watu. Kwa hiyo leo twataka kuyachunguza pamoja na ndugu zetu waendesha bodaboda, ambao ni wafanyakazi sawasawa na kuli wa bandarini au fundi wa kiwandani, ingawa hawapigi kengele ya kuingia kazini.

Kila aliyepanda daladala ajua kwamba dereva akisimama ghafla abiria wote huinamia mbele. Pikipiki nayo huinama vivyo hivyo. Uzito wake, pamoja na wa dereva na abiria, huliendea gurudumu la mbele na kulikandamiza barabarani, ilhali gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Gurudumu jepesi halina nguvu ya kushika lami. Ukilibana sana hufunga na kuserereka. Ndiyo maana katika lami kavu, theluthi mbili au zaidi ya nguvu ya kusimamisha pikipiki hutoka mbele. Hayo ni maumbile, wala hayapigiwi kura.

Na tufanye hesabu ya darasani. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Tukikadiria kwamba breki ya nyuma peke yake yapunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, na breki zote mbili pamoja kwa mita 6, basi huyu wa kwanza atahitaji mita 32 hivi ili asimame, na wa pili mita 16. Lakini tazama jambo moja zaidi. Pale ambapo mwenye breki mbili amekwisha simama, mwenye moja angali anakwenda kilomita 35 kwa saa. Ikiwa mahali hapo pana mtoto wa shule anayevuka, basi ndiyo habari yenyewe.

Hata hivyo, hatutawacheka ndugu zetu kwa hofu yao, maana haikuzuka bure. Breki ya mbele wanayoijua ni mbovu. Aghalabu ina mojawapo ya maradhi mawili. Ama imekufa, hata uukamate mkono wa breki mpaka uguse usukani, pikipiki yaendelea na safari yake. Ama inashtuka, yaani wabana na kubana pasipo jibu, kisha ghafla inakamata yote kwa mara moja, na katika mchanga wa kando ya barabara mtu huanguka kweli. Breki njema hujibu kidogo kwa kidogo, na nyingi kwa nyingi, kama farasi anavyoitii hatamu. Mkono ukiweza kuipima, hofu huondoka yenyewe. Usipoweza, hakuna mahubiri yatakayomshawishi mtu aitumie.

Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu zina breki ya ngoma mbele, inayovutwa kwa waya. Ni chombo rahisi, na karibu kila ubovu wake watibika kwa spana, kitambaa, mafuta kidogo na subira. Tuanzie mkononi. Msumari unaoushikilia mkono wa breki hukaukiwa na kujaa vumbi. Ufunguliwe, usafishwe, upakwe grisi kidogo. Kisha waya. Huu hupita ndani ya ganda lake, na ganda likiingia maji na mchanga, nusu ya nguvu ya vidole huishia humo kabla haijafika gurudumuni. Ufunguliwe upande wa juu, udondoshewe mafuta mepesi mpaka yatokee chini. Ukiwa nyuzi zake zimeanza kukatika, au ganda limevunjika pale linapokunjwa karibu na taa, usitiwe mafuta bali ununuliwe mwingine. Waya wa namna hiyo hukatika siku unapovutwa kwa nguvu zote, nayo ndiyo siku unapohitajiwa.

Chini, penye gurudumu, waya huvuta wenzo mdogo wa chuma, na wenzo huzungusha kemu inayotanua viatu viwili vya breki mpaka viguse ngoma. Kemu hii husahauliwa na watu wote. Ikishika kutu huwa nzito kwenda na nzito kurudi, na dereva hudhani viatu vimekwisha. Itolewe, ing'arishwe, ipakwe grisi ya kuvumilia moto, tena kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa grisi ikifika kwenye viatu umeharibu yote. Viatu vyenyewe vikiwa vimeng'aa kama kioo, vipigwe msasa mpaka ung'avu uondoke. Vikiwa vimelowa mafuta, vitupwe. Vumbi lililomo lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana mapafu ya fundi nayo si ya kuchezea.

Wakati wa kukaza nati ya waya, mkono wa breki uachiwe nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kushika. Na wenzo utazamwe: breki inapobanwa, wenzo na waya wapaswa kukutana kama pembe ya ukuta na sakafu. Viatu vikiisha, pembe hiyo hupotea na nguvu hupungua. Wako mafundi wanaoung'oa wenzo na kuurudisha jino moja nyuma ili viatu vilivyokwisha vifanye kazi mwezi mmoja zaidi. Hiyo si akiba. Kemu iliyozungushwa kupita kiasi yaweza kukwama, na gurudumu la mbele likafunga lisifunguke.

Tumebakiza hila moja ya mafundi wa zamani, ambayo twaipenda kuliko zote kwa kuwa haina gharama hata senti. Gurudumu linaporudishwa, viatu mara nyingi havikai katikati ya ngoma. Kimoja hutangulia kugusa, tena kwa ncha tu, na mkononi breki huwa laini kama unaminya ndizi mbivu. Basi kabla ya kukaza nati ya ekseli, lizungushe gurudumu kwa nguvu, ubane breki ya mbele kwa ukali, uishike hivyo hivyo usiiachie, na mwenzako aikaze nati. Viatu vitakuwa vimejipanga vyenyewe. Watu wawili, dakika tano.

Wenye breki ya diski hawana waya, wana mafuta. Diski ya mbele iliingia katika pikipiki za kutengenezwa kwa wingi na Honda CB750 ya mwaka 1969, na ubora wake haubishaniwi, lakini nayo ina udhaifu wake. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa namba ile ile iliyoandikwa juu ya kifuniko. Asiyatie mtu mafuta ya injini, kwani mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Mkono ukiwa laini, kuna hewa ndani: itolewe kwa mafundi wanaojua. Hewa kidogo iliyosalia mara nyingi hupanda yenyewe ikiwa mkono wa breki utafungwa usiku kucha kwa utepe wa tyubu kuukuu, hali umebanwa.

Na matumizi yafuate matengenezo. Mkono haunyakui; hubana taratibu na kuongeza, pikipiki ikiwa imesimama wima na si katika kona. Katika mchanga na matope mkono uwe mwepesi. Mazoezi yafanywe uwanjani, peke yako, wala si na abiria, seuze na wale wawili watatu wa mishikaki.

Watu wa nchi nyingine wameliona tatizo hili la mguu kuutangulia mkono, nao wakalitungia sheria. India, ambayo hutuuzia pikipiki nyingi, iliagiza kuanzia Aprili 2018 kwa aina mpya, na Aprili 2019 kwa aina zilizokuwapo, kwamba pikipiki yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 125 iwe na kifaa cha kuzuia gurudumu lisifunge, na zile ndogo ziwe na breki zilizounganishwa, hata anayekanyaga ya nyuma aivute na ya mbele. Agizo hilo ni la barabara za India. Mzigo unaoshuka katika bandari zetu haufungwi nalo. Mtu wa Pune amelindwa dhidi ya kosa lile lile ambalo kijana wa Mbagala ameachiwa alifanye. Twadhani wenye mamlaka ya kupima bidhaa wana la kujibu hapa.

Lakini jibu lililo karibu zaidi liko kwa tajiri mwenye pikipiki. Kila jioni apokea hesabu yake, mvua inyeshe au isinyeshe. Kijana akisema viatu vya mbele vimekwisha, huambiwa, "Ya nyuma si inashika?" Akisema apeleke gereji asubuhi, huulizwa hesabu ya leo itatoka wapi. Kwa hiyo haendi. Mwenye chombo apata fedha, asiye na chombo abeba hatari, na abiria asiyejua lolote huketi nyuma yao. Katika lugha ya mwaka 1967 jambo hili lilikuwa na jina lake, nasi hatuoni haya kulitumia: ni mirija.

Viongozi wa vijiwe wanayo nafasi. Mikataba mingi huandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, na karatasi hiyo ina nafasi ya mistari miwili zaidi: kwamba viatu vya breki, waya na mafuta ya breki ni juu ya mwenye chombo, na kwamba nusu siku moja katika kila mwezi pikipiki itakuwa gereji, na kwa nusu siku hiyo hesabu haitadaiwa.