Deni la dukani liandikwe: simu yako ni daftari kabla ya kuwa kitu kingine

Katika mazishi yetu kuna tangazo ambalo kila Muislamu amelisikia. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kuomba kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, afike kwa warithi. Tangazo hilo ni la haki, kwa kuwa mirathi haigawanywi mpaka deni la marehemu lilipwe. Lakini marehemu anapokuwa mfanyabiashara mdogo, mara nyingi wanaodai hujitokeza na wanaodaiwa hunyamaza. Mjane na mayatima hubaki hawana maandishi ya kuwawezesha kutambua nani mkweli.

Dawa ya tatizo hili imo katika aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Aya hiyo inazungumzia deni. Allah (s.w.) anaelekeza kwamba deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe muadilifu, anayedaiwa ndiye atamke kinachoandikwa, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa papo imepewa nafuu. Wanazuoni wengi wamesema kuandika huku ni jambo la kupendekezwa, si la faradhi, lakini hekima yake haipingwi na yeyote aliyewahi kushuhudia ugomvi wa warithi.

Hapa Morogoro biashara nyingi huendeshwa kwa kuaminiana. Ndizi na viungo hushuka kutoka Kinole, Matombo na Mkuyuni; mboga hutoka Mgeta na Nyandira; zote hufikia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, Mawenzi na magenge ya mitaani. Mkulima humkopesha mchuuzi, mchuuzi humkopesha mama lishe, na mama lishe humkopesha kibarua mpaka mwisho wa wiki. Mnyororo huo ni wa kheri. Kinachoukata ni kusahau.

Wengi wetu hudhani kwamba tangu huduma za pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kumbukumbu zinajiweka zenyewe. Sivyo. Ujumbe wa muamala hueleza nani ametuma, kiasi gani na saa ngapi. Hauelezi kama fedha hiyo ni malipo ya deni la zamani, malipo ya mzigo mpya, au mchango wa harusi. Maelezo hayo ni lazima uyaandike mwenyewe.

Mwenye kitochi asijione amekosa. Kitochi kina kikokotoo, kalenda, kengele ya kukumbusha na ujumbe mfupi. Mteja anapokopa, mtumie ujumbe hapo hapo: "Leo umechukua mchele kilo 10, shilingi 28,000, utalipa Ijumaa ijayo." Mwombe ajibu kwa neno moja tu: sahihi. Kwa kufanya hivyo deni limeandikwa, muda wake umetajwa, na mdaiwa amekiri kwa mkono wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za aina hii, hivyo ujumbe huo una uzito pia mbele ya vyombo vya sheria.

Mwenye simu janja anaweza kwenda mbele zaidi. Programu ya jedwali la hesabu, kama Excel au Google Sheets, inatosha kwa duka dogo: safu ya tarehe, ya bidhaa, ya fedha iliyoingia, ya fedha iliyotoka, na ya deni. WhatsApp Business humwezesha mwenye biashara kupanga wateja kwa lebo, hata akawatenga waliolipa na ambao bado. Baadhi ya mabonde ya Uluguru mtandao hukatika, kwa hiyo chagua programu inayokubali kuandikwa bila intaneti, kisha utume nakala ukishuka mjini.

Faida ya kwanza ya kuandika ni kujua kama biashara inaishi au inakufa. Tuchukue mfano wa mama anayenunua mikungu 20 ya ndizi kwa shilingi 8,000 kila mmoja, yaani 160,000. Analipa usafiri 30,000 na ushuru 5,000. Jumla ametoa 195,000. Anauza kila mkungu kwa 12,000, na mikungu minne anaikopesha. Mauzo yake ni 240,000 na faida ni 45,000. Lakini fedha aliyoishika ni 192,000, pungufu ya alichotoa kwa 3,000. Akichukua 20,000 kwa ajili ya chakula cha nyumbani akidhani anakula faida, safari ijayo ataingia shambani na 172,000. Hakuibiwa wala hakupata hasara. Faida yake yote imelala kwa wadeni, na sasa anakula mtaji. Bila maandishi ataishia kulaumu soko au kumshuku msaidizi wake.

Kwa hiyo fedha ya duka na ya nyumbani zisichanganywe. Laini moja au lipa namba iwe ya biashara peke yake, na kinachotolewa kwa matumizi ya familia kiandikwe kama matumizi mengine. Vilevile ijulikane mtaji ni wa nani. Uluguruni, ambako ardhi kwa desturi hufuata ukoo wa mama, watu wanaelewa vyema kwamba mali ya mke na mali ya mume si kitu kimoja. Uislamu nao umempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake. Mke aliyemkopesha mumewe fedha za kufungulia duka aandikiwe kama mdai yeyote, ili mauti yasije yakaigeuza haki yake kuwa sehemu ya mirathi.

Faida nyingine ni zaka. Mwenye biashara hutazama thamani ya bidhaa zake kwa bei ya siku hiyo, akaongeza fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, kisha hutoa sehemu moja ya arobaini ikiwa mali imefikia nisabu na kutimiza mwaka. Asiyeandika atawezaje kufanya hesabu hiyo bila kukisia? Izingatiwe pia kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya simu kwa siku kama 11. Anayeweka kengele ya zaka tarehe ile ile ya Kizungu kila mwaka atachelewa, na baada ya miaka 33 hivi atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima.

Pamoja na hayo, simu ni amana yenye hatari zake. Orodha ya wadeni ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, na dini ilitangulia kukataza kufichua aibu ya Muislamu. Kutundika majina ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni kuwadhalilisha. Weka namba ya siri kwenye simu, na nakala ya kumbukumbu iwe mahali pengine, kwa kuwa simu huibwa na masika huingia hata mifukoni.

Lakini namba ya siri isiyojulikana na mtu mwingine yeyote huirudisha familia pale pale makaburini, ikiwa na simu iliyofungwa badala ya daftari lililopotea. Mtume (s.a.w.) alisisitiza kwamba mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Mfanyabiashara na amchague mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani, amwoneshe kumbukumbu zilipo na namna ya kuzifungua, na kila mwisho wa mwezi wazipitie pamoja. Asiyeweza yote haya aanze usiku wa leo baada ya Isha: aandike majina ya anaowadai na wanaomdai, kiasi na tarehe, kisha amtumie mwenzake wa nyumbani nakala.

Wallahu a'lam.